Baba Mtupu

Kasoli, 12 Juni 1956

Mume wangu Masele,

Mwangaluka. Salamu nilizozilimbikiza tangu Pasaka nakutumia zote leo, maana leo ndipo mama ameniruhusu kukaa na kushika kalamu. Yule niliyekuandikia habari zake wakati wa kupanda pamba amekuja. Ni wa kiume. Miaka sita watu walikuwa wananitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Sasa wanaingia hapa wanapita moja kwa moja kwa mtoto, mimi hata hawaniamkii, na sijawahi kufurahi hivi kutoamkiwa.

Nimempa jina la marehemu baba yako, Maganga. Najua ungependa ulitamke wewe mwenyewe, lakini padri alikuwa anapita na hatukujua atarudi lini.

Masele, ni wewe. Mama alipompokea tu alisema, "Baba mtupu!" Jirani yetu Nyanjige naye alisema hivyo hivyo, hata kabla hajamfunua vizuri. Masikio yako, vidole vya miguu vyako, hata vile unavyokunja uso ukiombwa chumvi na mtu asiyerudisha. Kila anayeingia anasema.

Uchungu ulinianza nikivuna pamba. Kwa bahati Marcelo alikuwa anapita na baiskeli yake, akaenda mbio misheni kumchukua mkunga, akamleta amekaa nyuma ameshikilia kilemba kwa mkono mmoja. Bila yeye ningezalia shambani.

Huko Morogoro wakikupa ruhusa, hata ya juma moja, njoo umwone.

Mkeo,
Ernestina


Morogoro, 20 Julai 1956

Mke wangu Ernestina,

Barua yako imenikuta nje na gengi, tunabadilisha mataruma ya reli. Nimeisoma nimesimama. Nyapara akanipigia kelele, nami nikampigia kelele zangu: "Nimezaa!" Wenzangu wakaninyanyua juu mpaka kofia ikaangukia mtaroni. Siku hiyo nilifanya kazi ya watu wawili na sikuchoka.

Sasa nieleze vizuri. Masikio umesema, na miguu. Macho je? Rangi je? Mwenzangu mmoja hapa kambini, mtu wa Singida, aliniuliza, "Waliosema mtoto amefanana na wewe ni watu wa kwenu au wa kwa mkeo?" Nikamwambia ni mama mkwe na jirani. Akacheka, akaendelea kula. Sijui alicheka nini.

Na huyo Marcelo ni yupi? Mimi namjua mmoja tu, yule mcheza ngoma aliyekutaka kabla yangu. Kama ni yeye, mpe asante yangu.

Nimekutumia doti ya kanga kwa mkono wa mtu anayeshukia Malampaka. Atampa dereva wa lori la pamba.

Mumeo,
Masele


Kasoli, 25 Agosti 1956

Mume wangu,

Kanga imefika, nimeivaa Jumapili, nimeonwa. Mtoto anacheka sasa. Pamba tumeimaliza, na safari hii nyeupe imekuwa nyingi kuliko chafu. Mbuzi wa Nyanjige ameingia tena kwenye mihogo, nimemrudisha bila ugomvi. Wingu linasimama kila siku upande wa ziwa kisha linatawanyika.

Uliuliza macho. Macho ni yako pia. Rangi ni yako. Mama anasema hata akilala amelala kama wewe, mkono mmoja chini ya shavu. Wanawake waliokuja juzi kutoka kanisani walisema wakimkuta njiani peke yake wangemrudisha kwako bila kuuliza.

Ngoma za mavuno zimeanza, vumbi linaonekana kutoka hapa. Siendi. Mwenye mtoto ana ngoma yake nyumbani.

Mkeo,
Ernestina


Morogoro, 30 Septemba 1956

Dada Kashindye,

Shikamoo. Wasalimie wote hapo Lamadi, waendao ziwani na wanaowangoja na vikapu.

Nina jambo ambalo siwezi kumwandikia mwingine. Nenda Kasoli ukamwone mtoto wangu. Usiseme nimekutuma. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni, unaujua uso wangu kuliko kioo. Mwangalie, kisha uniandikie ukweli.

Utaniona mjinga. Lakini sikiliza. Barua ya kwanza ya Ernestina ilimtaja Marcelo. Nikauliza habari zake. Barua ya pili imetaja pamba, kanga, mbuzi wa jirani, hata mvua ambayo haijanyesha. Marcelo hayumo. Mtu hatoki kwenye barua hivi hivi, dada. Kuna aliyemtoa.

Na miezi nimeihesabu. Inatosha, lakini inatosha kama shati lililonunuliwa bila kupimwa. Miaka yote tuliyokaa pamoja hatukupata kitu. Mimi kuondoka tu, amepata.

Hapa kambini kila mtu amemwacha mke kwao. Tukimaliza kula wanahadithiana mambo ya wake za watu, na wanayajua kwa sababu ndio wanaoyafanya nao. Mimi nacheka pamoja nao, nikilala sipati usingizi. Najua mwanaume aliye peke yake anavyozungumza na mwanamke. Najua hata maneno anayoanza nayo.

Ndugu yako,
Masele


Lamadi, 18 Novemba 1956

Masele,

Marahaba. Nimekwenda Kasoli na kapu la sato wakavu. Mtoto ni mnene, ana meno mawili, ananyonya kama anayedai. Mkeo ni mzima na shamba limelimwa. Nyumba inavuja upande wa mashariki. Njoo uiezeke.

Usinitume tena kazi ya namna hii. Mimi nauza samaki, siuzi macho.

Dada yako,
Kashindye


Kasoli, 14 Januari 1957

Masele,

Mtoto ana surua. Imeenea huku, kwa mzee Ngeleja wamezika wawili. Macho yake yamefunga na hanyonyi. Dispensari ni mbali na mto umejaa. Nasikia watu wa reli hupewa tikiti kama nyumbani kuna ugonjwa. Omba. Njoo.

Nimempelekea habari wifi Kashindye pia.

Ernestina


Morogoro, 3 Februari 1957

Ernestina,

Barua nimeipata. Mvua zimekata njia sehemu mbili na kazi ni nyingi. Nyapara hatoi ruhusa. Sikumwomba, maana jibu nalijua.

Mtoto mgonjwa anahitaji watu walio karibu. Aliyeweza kumleta mkunga kwa baiskeli anaweza kuwapeleka dispensari kwa baiskeli hiyo hiyo. Labda yeye ana sababu ya kumhurumia mtoto kuliko mimi. Mwulizeni.

Masele


Kasoli, 24 Februari 1957

Masele mwana wa Maganga,

Leo sikusalimu wala usinisalimu.

Mtoto amepona. Nakuambia mapema ili haya mengine uyasome bila kisingizio.

Barua yako ilisomwa mbele yangu. Nilikuwa nimekaa chini na mwanao mapajani, namlisha uji kwa kidole. Ernestina aliifungua haraka akasoma kwa sauti, maana alidhani ina habari za treni unayokuja nayo. Akafika kwenye baiskeli. Kisha akaendelea mpaka mwisho kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma somo kanisani. Akaikunja. Akaniuliza, "Wifi, maji yamechemka?"

Hakulia. Ningependa angelia.

Unataka kujua tulivyofika dispensari? Tulivuka mto na mtoto ndani ya karai, mimi mbele, yeye nyuma, maji yakitufika kifuani. Hakukuwa na baiskeli wala mwenye baiskeli. Huyo Marcelo wako alikuja kweli, wakati wa mavuno, ukiwa umeshapewa habari ya mtoto. Alimkuta Ernestina anatwanga. Akamwambia, "Watu wa reli wana mke kila stesheni, wewe unamtunzia nani ujana?" Ernestina akamrushia mchi ukampata gotini. Kijiji kizima kinajua Marcelo alianguka na baiskeli. Mimi nimeambiwa mwezi huu, tukiwa tumekaa na mgonjwa, na nilimtoa maneno hayo kwa kumlazimisha.

Sasa nakujibu ulichoniuliza. Nilinyamaza mara ile kwa sababu nilijua utakavyolitumia jibu. Mtoto hafanani na wewe. Nilimgeuza huku na huku, nikatafuta masikio, nikatafuta miguu. Hakuna Masele pale. Yupo mzee Joakim, baba yake Ernestina, na pua yake yote.

Kabla hujairusha barua hii, kaa chini. Wewe ulipozaliwa mimi nilikuwa msichana mkubwa, niliona. Ulikuwa kama kiazi kilichoungua upande mmoja. Wanawake wa upande wa mama wakaingia mmoja mmoja: "Maganga mtupu! Baba mtupu!" Baba alikuwa ameegemea nguzo, ametoka safari ndefu ya kupeleka ng'ombe mnadani, amenuna. Kila waliposema, uso wake ukafunguka kidogo. Nami nikauliza kwa sauti, "Mbona mimi simwoni baba hapo?" Mama akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka. Baadaye akaniambia, "Mwanamke anajua mtoto alikotoka. Mwanaume anaambiwa tu. Basi lazima aambiwe vizuri."

Ulikuja kufanana na baba ulipoota ndevu, na hapo hakuna hata mmoja aliyekumbuka kusema.

Baba alikubali kuambiwa, ndiyo maana ulikula kwake, ukasomeshwa kwake na ukaoa mke kwa ng'ombe wake. Wewe umeambiwa, ukaanza kupeleleza, na mtoto akakaribia kufa ukiwa bado unapima masikio.

Barua yako ya Septemba nimempa Ernestina aisome. Nilifikiri ana haki.

Kashindye


Bariadi, kwa baba, 10 Machi 1957

Masele,

Nipo kwa baba pamoja na mtoto. Baba hajaniuliza kitu. Aliniona na mzigo kichwani, akampokea mtoto, akaenda naye zizini kuwatazama ng'ombe ulionioa nao. Baadaye alisema ukiwataka wapo, na wamezaa.

Ni kweli nilikudanganya. Hafanani na wewe hata kidogo. Mama alinifundisha niseme, naye alifundishwa na mama yake. Nilipoona umefurahi nikaongeza masikio. Ulipouliza macho nikaongeza macho. Ungeuliza meno ningekuongezea meno. Sikuona kwamba ninakuchimbia shimo kwa jembe la sifa.

Habari ya Marcelo sikukuandikia kwa sababu hii: ningeandika kwamba alikuja nikamfukuza, wewe ungesoma kwamba alikuja.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Wewe ulidhani nilikuchagua kwa sababu baba yako alikuwa na ng'ombe wengi kuliko baba yake Marcelo. Baba yangu alikuchagua kwa hilo, mimi hapana. Siku ile ya ngoma, wasichana wote tulikuwa tunamwangalia Marcelo. Nami nilimwangalia, sina uongo. Alikuwa anaruka kama moto wa nyasi. Lakini niliona kwamba macho yake yanapita juu yetu sote na hayatui. Mwanaume anayetazamwa na wote hana haja ya kumtazama mmoja. Wewe ulikuwa pembeni, hujui hata kucheza, unanitazama mimi mpaka ukajikwaa kwenye kamba ya mbuzi ukaanguka mbele ya watu. Ukainuka, ukatazama tena palepale. Nikawaza, huyu akiondoka atarudi. Nilichagua kwa hesabu hiyo moja tu.

Mtoto ni wako. Sina cha kukuonyesha. Hakuna mwanamke mwenye cha kuonyesha, labda mwenye bahati ya pua. Nina neno langu.

Na mimi nina swali langu. Wifi amenipa barua yako ya Septemba. Umeandika kwamba unajua maneno ambayo mwanaume aliye peke yake huanza nayo. Uliyafanyia mazoezi kwa nani?

Ernestina


Morogoro, 6 Aprili 1957

Dada,

Shikamoo, hata kama hutaniitikia.

Nimeacha kazi. Nyapara alisema nitajuta, nikamwambia nimeshaanza. Barua ya Ernestina nimeshindwa kuijibu. Nimeandika mara nyingi, nikisoma nilichoandika naona ni mtu anayejitetea, nachana. Siku hizi sikai, sili nikamaliza, wenzangu wananiuliza kama nina homa.

Nakwenda Bariadi moja kwa moja. Usiwaambie. Nikiambiwa nisije, sitakuwa na nguvu ya kuja.

Masele


Bariadi, 19 Mei 1957

Wifi yangu Kashindye,

Mwangaluka mayu. Najua unangoja habari na kwamba samaki wanakuharibikia kwa mawazo, kwa hiyo nakuandikia zote.

Amekuja. Alishuka Malampaka, akapata lori nusu ya njia, nusu akatembea. Alifika mchana kweupe siku ya soko, watu wanapita, akiwa na sanduku la bati na viatu mkononi. Baba alikuwa anashona mkanda wa jembe la ng'ombe. Hakuinuka. Akamwambia, "Ng'ombe wako wapo zizini."

Masele akasema, "Sikufuata ng'ombe, baba."

"Umefuata nini? Kumkagua mtoto?"

"Nimekuja anikague yeye."

Baba akashona kama sindano tatu hivi. Kisha akasema, "Basi kaa. Lakini hapa hatukai mikono mitupu," akamwonyesha jembe.

Mtoto alipomwona alilia mpaka akakohoa. Alinishika shingo kama anayezama. Masele alisimama palepale na sanduku lake, hajui aweke wapi, na wifi, nusura nimhurumie. Nikaingia ndani ili nisimhurumie.

Analala kwenye kibanda cha ndama tangu siku hiyo. Asubuhi analima na baba, jioni anakaa chini hatua chache kutoka kwa mtoto, hamwiti, hampi kitu, anamenya karanga. Mtoto anamtazama. Siku moja mtoto akatambaa mpaka kwenye karanga, akachukua moja, akarudi kwangu mbio.

Juma lililopita Nyanjige alikuja kutoka Kasoli kunisalimu. Unamjua Nyanjige. Hakukaa hata kwenye kigoda, akamtazama Masele, akamtazama mtoto, akapiga makofi: "Jamani! Si nilisema? Baba mtupu!"

Mama akaanza kupepeta mahindi yaliyokwisha kupepetwa. Masele akaweka jembe chini. Akasema, "Mama Nyanjige, asante, lakini usinipe kisichokuwepo. Huyu ni mzee Joakim kutoka juu mpaka chini. Na ni mwanangu. Sihitaji kupewa sababu."

Baba alikohoa, akatoka nje. Nadhani alipendezwa, maana alijishika pua.

Nami moyo wangu ulitikisika, sikufichi. Ndiyo maana siku ya pili yake nilimfuata shambani nimwulize kabla haujatulia. Nikamwambia, "Swali langu hujalijibu."

Akasema, "Yupo. Anauza maandazi karibu na stesheni. Nilikuwa naye tangu mwezi wa pili baada ya kufika mpaka Krismasi. Kisha nikaacha."

"Ulimwacha na mimba?"

"Hapana."

"Umejuaje?"

"Nilimwuliza. Akasema hana."

"Ukamwamini?"

"Nilimwamini."

"Kwa neno lake tu?"

Wifi, aliniangalia, na hapo nikaona limemwingia. Alikaa chini kwenye tuta. Neno la yule lilimwacha huru, akalipokea bila kulipima. Langu lilimfunga, akalipeleka mpaka Lamadi likapimwe. Sikumwambia hayo. Hakukuwa na haja, alikuwa anajiambia mwenyewe. Alisema tu, "Ernestina, mimi sikuwa naogopa wewe. Nilikuwa naogopa watu kama mimi." Nikamwambia watu kama yeye niliwahi kumkuta mmoja, na goti lake halijapona. Nusura acheke. Mimi sikucheka.

Ninakasirika asubuhi, mchana nasahau, jioni nakasirika tena. Usiku namsikia anakohoa kule kwa ndama na najikuta nahesabu kama ana blanketi. Mama anasema, "Mwanaume aliyerudi ni wa kupokelewa kabla hajachoka kungoja." Baba anasema nisiharakishwe. Padri amesema nisamehe, lakini padri hana mke.

Jana Masele ameniuliza lini tutarudi Kasoli, maana nyumba inavuja na anataka kuiezeka kabla ya mvua. Nimemwambia tusubiri, mtoto bado hajamzoea.

Huo nao ni uongo, wifi. Mtoto ameshamzoea. Leo asubuhi alimwendea mwenyewe mbele ya watu wote, akampandia kifuani, akalala. Asiyemzoea ni mimi.

Wifi yako,
Ernestina